Kwa nini mzazi aliyefiwa na mtoto kwa saratani hushtuka upya hata baada ya miaka

Kila Septemba mitandao hujaa utepe wa rangi ya dhahabu. Ndio mwezi wa kuhamasisha watu kuhusu saratani ya watoto, na tarehe 15 Februari nayo ni siku ya kimataifa ya jambo hilohilo. Husambazwa picha za watoto walionyonyoka nywele kwa dawa na video za watoto wanaoruhusiwa kutoka hospitali huku wakipigiwa makofi. Wengi wetu hubonyeza alama ya moyo tukaendelea na shughuli zetu. Kwa mzazi aliyezika mtoto kwa ugonjwa huohuo, mwezi huo ni mzito. Wapo wanaozima simu. Wapo wanaojitoa kwenye makundi ya WhatsApp bila kuaga, na wapo wanaogeuka wakali hadi ndugu wakashangaa. Hapo maneno huanza: "Miaka yote hiyo imepita!" "Huyu hajakubali." "Anajitesa mwenyewe tu."

Nionavyo mimi, anayesema "hajakubali" amechanganya mambo mawili, majonzi na kiwewe. Na kinachosikitisha zaidi ni kwamba mzazi mwenyewe naye mara nyingi ameyachanganya, akaanza kujiona kama mtu aliyeharibika akili.

Tuanze na maana. Saratani ya utotoni ni ile inayompata mtu tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 19. Inayoongoza ni saratani ya damu, na nyingine zinazoonekana sana ni za ubongo, za tezi za limfu na za figo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto hawa duniani wanapona ifikapo 2030. Takwimu hizo kwa kawaida hutajwa kwa ajili ya watoto. Mimi naomba uzisome mara moja kwa jicho la wazazi: nyuma ya kila mtoto asiyepona kuna mama, baba, bibi au mlezi atakayeendelea kuishi katika dunia iliyojaa vitu vinavyomkumbusha.

Majonzi ni uchungu wa kumkosa mtu. Kiwewe ni hali ya mwili uliowahi kutishwa mno, ukabaki umejiandaa kwa hatari hata hatari ilipokwisha. Mtu anaweza kuwa na majonzi bila kiwewe, kama mjukuu anayemlilia babu aliyefariki usingizini akiwa mzee. Mzazi aliyemuuguza mtoto mwenye saratani mara nyingi huwa na vyote viwili, na kikumbusho kimoja kinaweza kuviamsha kwa pamoja. Kikumbusho, kwa maana ninayoitumia hapa, ni chochote kinachomrudisha mtu kwenye tukio bila yeye kukusudia: harufu, mlio, rangi, tarehe, swali la mtu asiyemfahamu.

Mwili hujifunza bila kuomba ruhusa, na kuna utafiti mmoja wa zamani unaolionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani, Ilene Bernstein, aliwapa watoto wenye saratani aiskrimu ya ladha wasiyoizoea muda mfupi kabla ya kupewa dawa za kemo, yaani dawa kali za kutibu saratani, zinazochafua tumbo. Baadaye, watoto hao walipopewa nafasi ya kuchagua, wengi zaidi waliikataa aiskrimu ile kuliko watoto wenzao ambao hawakuila kabla ya dawa hizo. Waliokuwa na umri wa kuelewa walijua fika kwamba kichefuchefu kilitokana na dawa, lakini kujua hakukusaidia. Tumbo lilikuwa limeshaamua. Wagonjwa wengine wa saratani huanza kutapika wakiwa bado mlangoni mwa wodi, kabla ya sindano, kwa sababu mwili umeshaiunganisha harufu ya pale na kitakachofuata.

Sasa mfikirie mzazi aliyekaa kando ya kitanda kile. Hakudungwa chochote, ila alikuwapo kila mara. Alisikia mlio wa pampu ya dripu pale mpira ulipokunjwa au dawa ilipokwisha. Alipaka sanitaiza mikononi mara zisizo na idadi kwa sababu kidudu kidogo tu kingeweza kumuua mwanawe. Aliiona doksorubisini, dawa nyekundu kama sharubati, ikiteremka taratibu kwenye mpira kuelekea kifuani kwa mtoto. Hofu yake ilikuwa inafunzwa palepale. Ndiyo maana mzazi huyo anaweza, miaka mingi baadaye, kuingia benki, akapaka sanitaiza ya mlangoni, na magoti yakamlegea kabla hajakumbuka lolote. Ndiyo maana mwingine hawezi kukaa meza moja na glasi ya kinywaji chekundu.

Harufu ina nguvu ya pekee kwa sababu ya jinsi kichwa chetu kilivyoumbwa. Tunachokiona na kukisikia hupitia kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo ndipo kikasambazwa. Harufu ina njia ya mkato, inayofika haraka kwenye amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hofu, na jirani yake ndiyo sehemu inayohifadhi kumbukumbu. Amigdala hiyo tunaweza kuifikiria kama mlinzi aliyeajiriwa wakati wa hatari kubwa. Alifundishwa kwamba mlio huu, harufu hii na rangi hii ni adui. Akalinda vizuri. Mtoto alipofariki, hakuna aliyemwambia kwamba zamu imekwisha. Hajui kalenda, hajui mazishi. Akisikia mlio unaofanana na ule wa pampu kwenye foleni ya dukani, anapuliza filimbi: moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, pumzi inakatika. Mzazi anajiuliza, "Nina nini mimi?" Hana ugonjwa wowote. Mlinzi wake yuko kazini.

Kikumbusho kikali kuliko vyote, kwa wazazi wenye watoto wengine, huenda ni kipimajoto. Wakati wa kemo, chembe nyeupe za damu hushuka sana, na familia huambiwa kwamba joto likifika kama nyuzi 38 si jambo la kusubiri asubuhi. Ni kukimbilia hospitali usiku huohuo, kwa sababu maambukizi yanaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache. Mzazi anaishi na amri hiyo kwa miezi au miaka. Halafu mtoto anafariki, na siku moja mdogo wake anapata mafua ya kawaida. Kipimajoto kinasoma 38.2. Kwa jirani ni mafua. Kwa mzazi huyu sakafu imehama. Anamfunua mtoto kumtazama miguu kama kuna michubuko, anamvuta chini kope aone kama damu ipo, anamuuliza mara tatu kama mifupa inauma. Watu husema anadekeza. Anarudia kazi aliyofundishwa na madaktari wenyewe, kazi ambayo wakati fulani ilikuwa inaokoa maisha.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo fundo lenyewe lilipo. Kuna vitu vinavyomkumbusha mzazi ugonjwa, na kuna vitu vinavyomkumbusha mtoto. Pampu ya dripu ni ya ugonjwa. Kiatu chenye kisigino kilichokanyagwa kwa sababu hakupenda kukivaa vizuri ni cha mtoto. Katika vifo vingi vya ghafla mambo haya yanatenganika kwa urahisi zaidi. Katika saratani ya utotoni yanasokotana. Tiba ya aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi huchukua miaka miwili hadi mitatu. Mtoto aliyeanza kuugua akiwa na miaka miwili na kufariki akiwa na mitano ameishi sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya tiba. Alijifunza kuhesabu kwa matone ya dripu. Utani wake, michoro yake, wimbo aliopenda, vyote vina harufu ya wodi.

Matokeo yake ni kwamba mzazi anayeukimbia ugonjwa anajikuta amemkimbia na mtoto. Anafunga picha zote kwenye sanduku kwa sababu nyingi zina mpira wa dripu, kumbe humo ndimo mlimo na kile kicheko. Anaacha kulitaja jina. Baada ya muda anaanza kuogopa kwamba amesahau sauti, na hofu hiyo inamuumiza kuliko picha zenyewe zingemuumiza. Kukwepa kunatuliza leo, ila kunamdai mtu kesho: kila tunapokwepa kitu, yule mlinzi anapata uthibitisho kwamba kweli kilikuwa hatari.

Vikumbusho vingine huja vimeficha sura. Simu inajitolea kukuonyesha "siku kama ya leo miaka minne iliyopita", bila kujua inamwonyesha nani. Kengele ya dawa ya jioni inaendelea kulia, na wapo wazazi wasioweza kuifuta kwa sababu kuifuta ni kama kukiri. Mdogo wa marehemu anafika umri ambao kaka yake alifia, kisha anaupita, na siku ileile ya furaha mzazi anashindwa kusimama. Wenzake wa darasani wanamaliza shule. Kuna ile kengele ya hospitali pia. Desturi ya mgonjwa kupiga kengele anapomaliza tiba ilianza mwaka 1996 katika hospitali ya MD Anderson kule Houston, pale ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, Irve Le Moyne, alipoichangia hospitali hiyo kengele na kuipiga. Imeenea, na ni furaha ya haki kwa aliyepona. Lakini mzazi ambaye mwanawe hakufika kwenye kengele hiyo huisikia tofauti, na kuumia kwake hakumaanishi anamwonea kijicho mtoto wa mwenzake. Mtu anaweza kufurahi na kuumia katika pumzi moja.

Sasa tuje kwenye dhana zinazopotosha. Iliyoenea zaidi ni kwamba msiba una ngazi: ukatae, ukasirike, ujadiliane, uhuzunike, ukubali, umalize. Orodha hiyo ilitokana na kazi ya daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyoitoa mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Haikutokana na wafiwa. Watu wameibeba na kuigeuza kipimo, na mzazi anayelia mwaka wa sita anaonekana kafeli mtihani. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walipendekeza mwaka 1999 picha inayofanana zaidi na maisha: mfiwa huenda na kurudi. Kuna saa anazama kwenye msiba, na kuna saa anashughulikia kodi ya nyumba, kazi, sare za shule za waliobaki. Kwenda na kurudi huko ndiko kuomboleza kwenyewe. Ukimkuta anacheka asubuhi na analia jioni, hakuna kilichoharibika.

Hata Sigmund Freud, daktari maarufu wa mambo ya nafsi, aliyeandika mwaka 1917 kwamba kazi ya majonzi ni kuuondoa moyo kwa marehemu hatua kwa hatua, maisha yalimpa somo jingine. Binti yake Sophie alifariki mwaka 1920 kwa homa kali ya mafua. Mwaka 1929 alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, aliyekuwa amefiwa na mwana, akimwambia kwamba siku hiyo Sophie angetimiza miaka 36, kwamba makali ya mwanzo hupungua lakini hatutapata kamwe wa kuziba pengo, na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Miaka tisa ilikuwa imepita, na tarehe ya kuzaliwa bado ilimfanya ashike kalamu.

Dhana ya pili ni kwamba usimtaje marehemu, utamkumbusha. Huwezi kumkumbusha mzazi jambo ambalo hajalisahau hata saa moja. Kinachomuumiza wengi ni ukimya, watu kubadili mazungumzo anapotaja jina. Tofauti iko kwenye namna. Kumwambia mzazi "nilikumbuka leo jinsi alivyopenda kujificha nyuma ya mlango" kunamletea mtoto. Kumuuliza "hivi mwishoni alikuwa anateseka sana?" kunamletea ugonjwa, na pengine hakuwa tayari kurudi huko mbele ya wageni. Vilevile, ile kauli kwamba ndoa karibu zote huvunjika baada ya mtoto kufariki haina ushahidi. Ndoa hutikisika, ndiyo, na mara nyingi hutikiswa na vikumbusho: mmoja anataka picha ziwe ukutani, mwingine anapita ukumbini akiangalia sakafu. Kuweka picha kwenye chumba kimoja wanachokubaliana, badala ya kuziweka kila mahali au kutoziweka popote, kumewapa wengi pa kupumulia.

Dhana ya tatu ndiyo ninayoichukia zaidi kwa sababu hukaa ndani ya mzazi mwenyewe: kwamba angewahi hospitali, mwanawe angepona. Kila kikumbusho kinakuja na hukumu. Akiona mtoto amechoka mchana, anakumbuka wiki zile alizodhani mwanawe anasinzia kwa sababu ya kukua. Ukweli ni kwamba dalili za mwanzo za saratani ya utotoni hufanana sana na za maradhi ya kila siku: homa inayokuja na kuondoka, uchovu, maumivu ya miguu, rangi kufifia, kuumwa kichwa. Hata madaktari hupitia maelezo mengine kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndiyo sahihi. Saratani nyingi za watoto hazina chanzo kinachojulikana. Takriban asilimia 10 tu ndizo zinazohusishwa na kurithi vinasaba fulani. Hazitokani na chakula alichopikiwa, wala hasira za mama mjamzito, wala haziambukizi. Leo mzazi anajua jibu, kwa hiyo kila dalili ya zamani inaonekana imeandikwa kwa herufi kubwa. Siku ile haikuwa hivyo. Alikuwa na mtoto mwenye homa, kama mamilioni ya wazazi wengine.

Je, vikumbusho hivi hufutika? Jibu la kweli ni kwamba hupoa, na kupoa si kufutika. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliligundua hilo kwa mbwa wake: mbwa aliyezoeshwa mlio fulani kabla ya chakula akisikilizishwa mlio huo mara nyingi bila chakula, mwisho huacha kudondosha mate, mpe mapumziko kisha mlio usikike tena, mate hurudi. Somo la zamani lilikuwa bado lipo, somo jipya liliwekwa juu yake tu. Kwa hiyo mzazi aliyepita miaka mitatu kwa utulivu kisha akaanguka kilio kwenye korido ya hospitali nyingine hajarudi mwanzo. Amekutana na somo la zamani mahali ambapo lile jipya halijafika bado.

Na somo jipya hufundishwa kwa kukaribia taratibu, kwa hiari, na si peke yake. Mzazi asiyeweza kupita barabara ya hospitali anaweza kuanza kwa kupita akiwa na mtu ndani ya gari, bila kusimama. Picha zinaweza kupangwa upya na ndugu anayeaminika: zile za kabla ya ugonjwa zitangulie, za wodini zikae bahasha nyingine, zisitupwe. Kumbukumbu za simu zinaweza kuzimwa kwa tarehe fulani au mtu fulani, na si udhaifu kufanya hivyo. Tarehe kubwa zipangiwe shughuli mapema, hata ndogo, kwa sababu siku yenye mpango huwa nyepesi kuliko siku inayosubiriwa. Wazazi wengi husema siku chache kabla ndizo mbaya kuliko siku yenyewe. Mshtuko ukija ghafla, kutaja kwa sauti mwaka wa sasa, mahali ulipo na vitu unavyoviona humsaidia mlinzi kuelewa kwamba yuko leo. Kutoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta hupunguza kasi ya moyo. Na kuhusu swali la "una watoto wangapi?", mzazi ana haki ya kuwa na majibu mawili, moja la mtu wa kwenye basi na jingine la rafiki mpya, bila kujiona amemkana mwanawe.

Kuna wakati haya hayatoshi. Tangu mwaka 2022 majonzi ya muda mrefu yanatambuliwa rasmi kuwa tatizo la kitiba: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inataja angalau miezi sita, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataja angalau mwaka mmoja kwa watu wazima. Muda peke yake si kigezo. Kinachoangaliwa ni kama uchungu bado uko vilevile karibu kila siku na umemzuia mtu kuishi: hafanyi kazi, hatoki, hawezi kuwalea waliobaki, anaona maisha hayana maana. Ndoto za wodini zinazojirudia usiku hadi usiku, na kujiona yuko tena ndani ya tukio akiwa macho, ni dalili za kiwewe zinazohitaji mtaalamu. Mawazo ya kutaka kumfuata mtoto yahitaji msaada siku hiyohiyo, kwa daktari au kituo cha afya kilicho karibu, na mtu asiachwe peke yake. Zipo tiba za mazungumzo zilizobuniwa mahsusi kwa majonzi ya aina hii. Katherine Shear na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba yao iliwasaidia wafiwa wengi zaidi kuliko tiba ya kawaida waliyoilinganisha nayo.

Kwa sisi tulio pembeni, Septemba haihitaji kufutwa. Kampeni zinaokoa watoto, na wazazi wengi waliofiwa ndio wanaozibeba mabegani. Ila kabla ya kutumia picha ya mtoto aliyefariki, waulize wazazi wake, kila mwaka upya, kwa kuwa aliyekubali mwaka jana huenda mwaka huu hana nguvu. Ukimwalika kwenye matembezi ya hisani, mweleze mapema kitakachokuwapo, kama kuna kengele, kama kuna video, na umwambie yuko huru kuondoka katikati bila maelezo. Na ukiijua tarehe aliyofariki mtoto, tuma ujumbe mfupi wiki moja kabla, utaje jina lake, na uandike mwishoni kwamba si lazima akujibu.